Mche wa Kuvuka Januari

Popote ulipo katika nchi za theluji, iwe hapa Minnesota tulipo, iwe Maine waliko ndugu zetu wengi wa Kongo, iwe Manitoba kule Kanada, najua wiki hii hukutoka nje bila kofia. Nami nimechagua wiki hii hii kuzungumzia bustani. Miche ya beri itakapojaa madukani mwezi Mei, iliyo bora itakuwa imekwisha agizwa na wengine. Wanaojua huagiza sasa, Februari, theluji ikiwa ingali magotini.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kwetu Usambara mwezi wa Julai una ukungu, tunavaa masweta na kuota moto, na matunda ya ubaridi kama plamu, pichi na peasi yanastawi. Kwa hiyo nilipofika huku niliamini kwamba mmea wa baridi nitautambua kwa macho. Mwaka wa kwanza nilipopata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba nilikwenda kwenye duka moja kubwa, nikakuta miche ya bluberi imepangwa mlangoni, kila mmoja umening'inizwa picha ya matunda yaliyoiva. Nikachukua miwili. Nikachimba mashimo, nikatia samadi iliyooza vizuri, nikanyunyiza majivu juu, maana ndivyo bibi alivyonifundisha kupanda karibu kila kitu. Kufikia Agosti majani yamekuwa ya njano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Aprili iliyofuata nilikuta vijiti viwili vikavu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba miche ile niliiua mara mbili: kwanza kwa udongo, kisha kwa majira. Picha ile ilikuwa ya tunda la Julai, nami nikanunua Julai. Huku mchaguzi ni Januari. Ladha, ukubwa wa tunda, wingi wa mavuno, hayo yote huja baada ya mmea kuamka ukiwa hai.

Tuanze na namba iliyoandikwa kwenye lebo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ramani inayoigawa nchi katika kanda 13, ukanda wa 1 ukiwa wa baridi kuliko zote. Ramani hiyo inatazama kitu kimoja tu: ule usiku wa baridi kupita usiku wote wa mwaka, ukichukuliwa kwa wastani wa miaka mingi. Ukanda wa 4 maana yake usiku huo hufika kati ya 20 na 30 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, ambazo kwa Selsiasi ni kama 29 hadi 34 chini ya sifuri. Ukanda wa 3 unashuka mpaka 40 chini ya sifuri, na hapo huna haja ya kuuliza ni kipimo kipi, kwa kuwa kwenye 40 chini ya sifuri Farenhaiti na Selsiasi hukutana.

Mwaka 2023 ilitoka ramani mpya, iliyotumia hali ya hewa ya 1991 hadi 2020, na karibu nusu ya nchi ikasogezwa nusu ukanda kuelekea joto. Minneapolis, iliyokuwa ukanda wa 4, sasa inasomeka 5. Nimewasikia watu wakifurahi na kusema sasa tununue miche ya ukanda wa 5. Mimi sishauri. Wastani huficha usiku mbaya. Tarehe 30 Januari 2019, ndani ya miaka ile ile ya hesabu, Minneapolis ilishuka mpaka 28 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani 33 kwa Selsiasi. Kichaka cha bluberi unakipanda ukitaraji kikae miaka 20, na usiku mmoja kama ule unatosha kukiondoa. Ukikaa ukanda wa 5, nunua mche wa ukanda wa 4. Ukikaa ukanda wa 4, mche wa 3 ukipatikana chukua huo.

Lakini hata namba hiyo haikuelezi yote. Ngoja nikueleze mmea unavyovuka baridi, kwa sababu ukilijua hilo utachagua vizuri hata mbele ya muuzaji asiyejua.

Mmea wa nchi hizi huanza kujiandaa Agosti, sisi tukiwa bado tunachoma nyama nje. Siku zikianza kufupika unaacha kurefuka, matawi yanakomaa na kujaza sukari. Baridi inapofika, maji hutoka polepole ndani ya seli na kugandia nje, katika nafasi zilizo baina ya seli na seli, na ndani kunabaki utomvu mzito usioganda upesi. Barafu ikijengeka ndani ya seli yenyewe, tawi limekufa. Ndiyo maana ukimwaga mbolea Agosti kwa kuuonea mmea huruma, unaufanya utoe machipukizi mateke wakati wa kufunga milango, na machipukizi hayo ndiyo ya kwanza kuungua. Kwenye beri zako, Julai ikianza weka mfuko wa mbolea ndani.

Kuna na kifo cha mwisho wa baridi. Mmea huhesabu saa za ubaridi kabla haujakubali kuamka. Bluberi nyingi za kaskazini huhitaji saa 800 hadi 1,000. Zile zilizozalishwa kwa ajili ya majimbo ya kusini huhitaji chache sana. Ukiuleta mmea wa kusini huku, humaliza hesabu yake mapema. Ikija wiki moja ya vuguvugu mwezi wa Machi, wenyewe unaona majira yamefika, unafungua macho yake, na Machi hiyo hiyo inarudi na sakitu. Aidha, ardhi ikiganda na kuyeyuka, ikaganda tena na kuyeyuka, huisukuma mizizi mifupi juu kama jino linalong'oka. Stroberi huumia sana kwa namna hiyo.

Theluji, msikilizaji, ni rafiki wa mkulima. Sisi tunaoizoa asubuhi kwa sepetu hatuioni hivyo, lakini theluji nene imebeba hewa ndani yake kama blanketi la sufu. Hewani baridi inaweza kuwa 25 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na chini ya blanketi hilo ardhi ikakaa karibu na sifuri. Ukilijua hilo, unajua pia kwa nini watafiti wa Minnesota walitafuta bluberi fupi.

Kulikuwa na bluberi za namna mbili. Moja ni ndefu, ya majimbo ya pwani ya mashariki, inapita kimo cha mtu. Nyingine ni ya mwituni, ya kaskazini, ile inayotandaa chini katika mashamba ya Maine, na baridi yote hulala chini ya theluji. Chuo Kikuu cha Minnesota kilizichanganya damu mbili hizo. Mwaka 1983 wakatoa Northblue na Northsky, na 1996 wakatoa Polaris na Chippewa. Northsky ni ya magotini tu. Northblue hufika kiunoni na matunda yake ni makubwa, meusi kwa ubuluu. Kichaka cha namna hiyo kikifunikwa na theluji, kinachobaki kupigwa na upepo ni vijincha vichache. Panda aina mbili tofauti jirani jirani, wale nyuki wanene wenye manyoya wavuke toka moja hadi nyingine, na matunda yataongezeka.

Sasa udongo, na hapa nakuomba usogee karibu na redio, kwa sababu hapa ndipo sisi watu wa jembe tunapokosea kwa ujuzi wetu wenyewe. Bluberi haitaki udongo tunaouita mzuri. Inataka udongo mchachu, wa pH 4.5 hadi 5 hivi. Ukitaka kuufikiria, fikiria mashamba ya chai. Mtu wa Mufindi, wa Kericho, wa Amani kule Usambara ananielewa: pale chai inapostawi, mahindi yanaomba chokaa. Bluberi ni jamaa ya udongo wa chai. Majivu ya bibi yangu yana tabia ya chokaa, yanaupooza uchachu, na mmea unashindwa kunyonya chuma kilichomo ardhini. Ile njano ya majani yenye mishipa ya kijani ilikuwa njaa ya chuma. Sahani ilikuwa imejaa, mdomo umefungwa.

Wala si mimi wa kwanza. Miaka mingi watu wa Marekani walikuwa wakihamisha bluberi kutoka mwituni, wakizipanda kwenye udongo wenye rutuba, zinakufa, wakasema tunda hili halifugiki. Mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo, Frederick Coville, ndiye aliyeonyesha katika chapisho lake la 1910 kwamba mmea huo unataka uchachu. Chapisho hilo lilimfikia Elizabeth White, binti wa mwenye shamba la kranberi huko Whitesbog, New Jersey, naye akamwandikia. Mama huyu aliwalipa watu wa vijijini wamtafutie porini vichaka vyenye matunda makubwa, na kichaka kikachukua jina la aliyekiona. Kimoja kiliitwa Rubel, na mpaka leo miche yake inauzwa. Mwaka 1916 wakapeleka sokoni mavuno ya kwanza ya bluberi zilizolimwa. Nasimulia hili kwa sababu nalipenda: tunda ambalo leo wanetu wanalila kwenye uji wa asubuhi halijafugwa miaka mingi, na lililolifungulia mlango ni swali juu ya udongo.

Kwa hiyo kabla hujaagiza mche, pima udongo. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupokea sampuli kwa posta, na majimbo mengi yana huduma kama hiyo. Ukikuta pH ni 6, unaweza kuishusha kwa salfa, salfa ile ile ya unga ambayo wakulima wa korosho Mtwara huipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Ila haifanyi kazi kwa wiki. Ni vijidudu vya ardhini vinavyoigeuza, navyo hulala baridi ikija. Itie mwaka huu, upande mwaka ujao. Mbolea iwe ya SA, yaani salfeti ya amonia. Wale waliozoea CAN, ile ina chokaa, iacheni. Juu tandaza majani ya msonobari au maganda ya mbao. Na kama udongo wako unasoma 7 na zaidi, na huna muda wa kuuhangaikia kila mwaka, acha bluberi. Nasema hivyo kwa moyo mweupe. Kuna rasiberi.

Rasiberi haina makuu. Inataka jua, inataka maji yasituame, basi. Cha kuelewa ni kwamba mizizi yake huishi miaka mingi, lakini fito zake huishi miaka miwili: mwaka wa kwanza ufito unarefuka, wa pili unazaa, kisha unakufa. Maana yake ufito wa aina ya kawaida lazima usimame hewani baridi nzima ndipo uzae. Ndiyo maana hapa unatafuta aina zilizozaliwa huku huku. Latham ilitolewa Minnesota mwaka 1920 na bado wazee wa bustani wanaiamini. Boyne ilitoka Manitoba 1960, na mimi ndiyo ninayoipenda kwa ukanda wa 3 na wa 4. Tunda si kubwa, lakini kila mwaka lipo.

Zipo pia zile zinazozaa juu ya ufito wa mwaka huo huo, mwishoni mwa kiangazi. Hizi unazikata zote mpaka chini kabla hazijachipua tena, usibakishe hata ufito mmoja. Baridi haina cha kuua juu ya ardhi, na mizizi imelala chini ya blanketi. Tafuta zinazowahi, kama Polana au Autumn Britten. Heritage ni tamu, lakini huku mara nyingi sakitu ya mapema inaikuta na matunda mabichi. Adui wa hizi za mwishoni ni inzi mdogo aliyetoka Asia, aliyeonekana Minnesota mara ya kwanza mwaka 2012, ambaye hutaga ndani ya tunda linaloiva. Chuma kila siku mbili, usiache tunda lililoiva mtini, na lililoanguka liokote.

Stroberi sitakaa nazo sana. Panda zile zinazozaa Juni, kama Honeoye, na mwezi wa Novemba, baada ya baridi kuzizoesha, zifunike kwa nyasi kavu za ngano unene wa kiganja. Ukizifunika mapema zinaoza, ukichelewa zinaungua.

Berinyeusi zisizo na miiba, zile zinazotamanisha kwenye picha, katika ukanda wa 4 usizinunue. Mizizi itapona, fito zitakufa, na bila fito hakuna tunda. Utakuwa umepanda majani.

Nimeuacha mwisho mmea ambao ningetaka kila msikilizaji mwenye yadi aujue, nao unaitwa haskap. Jina hilo ni la Waainu wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Chuo Kikuu cha Saskatchewan huko Kanada kimeufanyia kazi kubwa, na 2007 wakatoa Borealis na Tundra. Matawi yake huvumilia baridi ya kupita 40 chini ya sifuri. Na lililonishangaza mimi ni ua lake: limefunguka kabisa, usiku ukashuka mpaka 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na bado tunda linashika. Juni, kabla hata ya stroberi, haskap tayari. Wala hauna makuu ya udongo kama bluberi. Masharti yake ni mawili. Upande aina mbili zisizo ndugu wa karibu, kwa mfano Borealis pamoja na Aurora, maana peke yake hauzai. La pili ni subira: tunda hugeuka buluu kwa nje siku nyingi kabla ya kuiva. Lipasue. Likiwa kijani ndani, rudi wiki ijayo. Likiwa jekundu lililokolea kama damu ya mzee, chuma. Tena weka wavu, ndege wanalijua kuliko sisi.

Ladha yake? Uchachu mbele, utamu nyuma, na ulimi unatoka na rangi ya zambarau. Mwanangu wa mwisho alipolila mara ya kwanza alikimbilia kwenye kioo kutazama ulimi. Mimi nilisimama pale mlangoni nikaona mkuyu, njia ya mtoni na kundi la watoto wa Lushoto wenye ndimi za rangi ile ile, tumetoka kula zambarau na forosadi, tunaogopa kurudi nyumbani na mashati yetu.

Wengi mnaonisikiliza mnakaa ghorofani na mna baraza tu. Kwenye ndoo au chungu, jueni kwamba mizizi ni dhaifu kuliko matawi. Ardhini inalindwa, kwenye chungu imezungukwa na hewa ya nje pande zote. Kichaka cha ukanda wa 4 kwenye chungu barazani kinaweza kufa vizuri tu katika ukanda wa 4. Kama kuna gereji isiyo na moto, kiingize humo kikishapukutisha majani, ukikinywesha kidogo mara chache. Kama hakuna, panda stroberi za kuzaa kiangazi chote, kama Albion, zichukulie kama mchicha, za mwaka mmoja. Hilo si jambo la kuonea haya.

Nimetaja mchicha kwa makusudi. Kuna mzee mmoja wa Kinangop, jirani, ambaye sakitu aliijua kabla yangu, maana kwao iliwaunguzia viazi. Kila kiangazi bustani yake hupendeza: sukuma, terere, managu, maboga kwa ajili ya majani. Mwaka juzi nilimpelekea chipukizi la Boyne. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, pokea, ukilipanda hili utakula mwaka kesho kutwa." Akalishika, akalitazama mizizi. Akaniambia, "Kijana, mimi kila mwaka nasema mwaka ujao narudi nyumbani. Nitapandaje kitu cha miaka?" Sikuwa na jibu. Wengi wetu tunalima hivyo, mbegu za miezi miwili, huku wajukuu wanazaliwa katika hospitali za hapa na kujifunza kutembea juu ya majani ya hapa.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama mmea huo una miiba. Nikamwambia Boyne inayo, ila midogo. Akasema basi ungepandwa kwenye ua, mjukuu asiufikie kabla hajapata akili. Tukaupanda kwenye ua.

Jambo la mwisho, maana muda wangu unakwisha na hili haliwezi kungoja Mei. Kama tayari una vichaka, toka ukavitazame. Theluji ikipanda, sungura anapanda nayo, na ule wavu wa waya ulioufunga Oktoba kwa kimo cha goti sasa umefunikwa. Sungura anasimama juu ya theluji kama juu ya kigoda na kuguguna maganda ya Northblue yako kwa nafasi. Asubuhi hii nimekuta nyayo zake kuzunguka haskap zangu, tawi moja limekatwa kwa mshazari, safi, kama kwa kisu. Nimeongeza wavu sentimita 60 juu. Jioni, nikirudi kutoka hapa studio, napita kwa mzee wa Kinangop na kipande kilichobaki. Amenipigia simu kusema nyayo ameziona hata kwake, na kwamba nije na koleo.